Kuangalia sio kusikia: kisa cha sato 17

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itabidi mkate basi mkate huko mwishoni, hapa katikati msiguse. Naandika kuhusu ile makala yenu ya Jumapili iliyosema kijana wa saivi mwenye simu janja na bando hana kisingizio cha kutojua Kiingereza, eti video za bure zimejaa mtandaoni kazi yake ni kukaa tu na kuangalia. Mi niko hapa Mwanza, Kirumba, nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja ambayo ukitoka Mwaloni unatembea tu kwa mguu, na hizo video nimeziangalia miaka miwili mfululizo, nikiwa zamu ya usiku hakuna wageni naangalia, nyumbani maharage yakiwa jikoni naangalia. Ngoja niwaambie zilinifikisha wapi.

Mwaka juzi mwezi wa saba ikapigwa simu ya mezani jioni, mzungu, anakuja na kundi lake wametoka Serengeti wanatokea geti la Ndabaka, kesho yake saa saba mchana watapita kwetu kula kabla ya kuendelea na safari. Nikajitutumua, "yes sir, yes sir". Anataka sato wa kukaanga, mzima mzima, na chipsi, akataja na idadi. Nikasikia "thirty". Nikaandika 30 kwenye daftari la oda nikapigia na mstari chini, maana kwetu hapo oda ya 30 ni sherehe. Asubuhi mama wa jikoni akashuka Mwaloni na ndoo mbili akachagua sato wa kutosha sahani, wakaparwa magamba, wakachanjwa, wakapakwa ndimu na chumvi, mafuta yakawekwa. Saa saba na nusu zikaingia Land Cruiser mbili. Nikahesabu wanaoshuka. Kumi na tatu. Nikasubiri gari ya tatu. Nikatoka mpaka getini nikaangalia barabara. Mama wa jikoni akaja akasimama nyuma yangu na mwiko mkononi, hakufoka wala nini, akaniuliza tu taratibu, "Wengine wanakuja na meli?"

Walibaki sato 17. Wanne tulikula wafanyakazi, wengine nikazungusha kwa majirani kwa bei ya kutupa, hasara iliyobaki bosi akanikata kwenye mshahara na wala simlaumu. Mpaka leo yule kijana anayeuza vocha nje ya loji haniiti jina langu, ananiita Thati.

Kilichoniuma ni kwamba namba nazijua jamani. Nani asiyejua thirteen na thirty, tumeziimba tangu shule ya msingi, ukiniandikia ukutani nakusomea na kukuandikia nyingine. Kumbe kujua neno kwenye karatasi na kulijua kwenye sikio ni vitu viwili, na hapo ndo ugomvi wangu na ile makala ulipo. Baadae sana nikaja kukuta mwalimu mmoja wa matamshi anaeleza kwenye video kwamba hayo maneno mawili yanatofautishwa na pale unapoweka uzito, yani mkazo wa sauti, thirty uzito uko mwanzo, thirteen uko mwisho. Sawa. Lakini akaendelea, akasema thirteen ikifuatwa na kitu kinachohesabiwa, mfano thirteen plates, ule uzito unahama unarudi mwanzo. Yani pale pale ambapo unauhitaji ndo unakukimbia! Kinachobaki ni ile n ya mwisho tu na i iliyovutwa kidogo, na kwenye simu ya mezani yenye mikwaruzo n inamezwa. Sisi Kiswahili chetu uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe fupi liwe refu, hauhamihami, kwahiyo sikio letu halijawahi kufundishwa kuuwinda. Saivi mtu akinitajia namba kuanzia kumi na tatu mpaka kumi na tisa namuuliza hapo hapo, "one-three or three-zero, sir?" na hakuna aliyewahi kunicheka kwa hilo, hata nahodha wa ndege nasikia anataja namba tarakimu moja moja.

Turudi kwenye video. Nilikuwa naangalia zile zenye maandishi yanapita chini, na nilijiona naelewa karibu kila kitu, mtu akitania nacheka. Siku ya tatu baada ya sato nikachukua kipande cha boksi la dawa ya mswaki nikakibandika chini ya kioo cha simu kuziba yale maandishi, nikarudia video ile ile niliyoiangalia wiki iliyopita nikaielewa. Mhariri, nilishindwa. Dada anaongea habari za asubuhi yake, kaamka, kachelewa basi, kitu cha kawaida kabisa, nikaambulia neno hapa neno pale kama mtu anayesikiliza redio ndani ya daladala ya Igoma. Ndo nikajua miaka miwili yote nilikuwa nasoma. Macho yanawahi kufika kwenye neno, sikio linafuata nyuma linajisifia kazi ambayo halijafanya. Na yale maandishi yanayojiandika yenyewe kwa mashine usiyaamini sana, siku moja mtu kataja Mwanza chini kukatokea "once a". Ndo uelewe hata mashine inabahatisha kama mimi.

Afadhali mie nilikuwa nasoma, wenzangu wa kibanda umiza je? Pale mtaani tulipokulia sinema zote zilikuwa na DJ wa kutafsiri, mzungu akifungua mdomo DJ keshadakia, "anamwambia hapa leo hutoki", na utamu wake siukatai, watu tulikuwa tunakwenda kumsikiliza DJ kuliko kuangalia picha. Lakini miaka na miaka ya sinema za Kimarekani na sauti ya Mmarekani hatujawahi kuisikia sentensi nzima.

Sa baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa mizani ya pamba huko Magu, video hakuwahi kuwa nayo, na alikuwa anasikia Kiingereza kuliko mimi mwenye cheti. Alikuwa na redio ya mkulima, usiku anatafuta masafa mafupi anawapata Sauti ya Amerika na kile kipindi chao cha Kiingereza cha taratibu, walikianza mwaka 1959, walikuwa wanatumia maneno kama 1,500 tu na msomaji alikuwa anasoma polepole kama anamlisha mtoto uji. BBC nao walikuwa na masomo ya Kiingereza hewani tangu 1943, vita bado inapigwa. Namkumbuka anajinyoa asubuhi, kioo kaning'iniza kwenye mwembe, povu shavuni, anarudia sentensi za jana usiku kwa sauti ya yule mtangazaji kabisa. Sisi watoto tunamcheka. Alikuwa anasema "lice" badala ya "rice" maana Kisukuma chetu r hakina, na lice ni chawa, lakini kwenye kusikia huwezi kumdanganya. Hakuwa na pa kuchungulia, ndo siri yake yote. Kitu kikimpita kimempita, kesho anategea tena.

Nikaamua nifanye kama yeye ila kwa simu. Ninachofanya ni hiki, na namwambia yeyote mwenye shida kama yangu asiogope kwamba ni kidogo. Nachukua dakika moja tu ya maongezi, dakika moja, sio sinema. Nasikiliza mara ya kwanza mikono imetulia, siandiki. Mara ya pili na ya tatu naandika kwenye daftari nilichosikia, nisichosikia naacha kistari. Kisha nashusha spidi, kwenye YouTube kuna sehemu unaweka 0.75, nasikiliza tena najaza vistari. Ndo baadae nafungua maandishi, na kwa kalamu nyekundu naandika juu ya vistari yale maneno yaliyonipita. Dakika moja hiyo mwanzoni ilikuwa inanichukua saa nzima na nilikuwa natoka jasho kama nimetwanga. Alafu sauti peke yake haili bando sana, zile sauti za dakika sita za BBC nazishusha kwa waifai ya kazini usiku, MB chache tu, nasikiliza kwa hedifoni nikipanda gari asubuhi, wakati video ingekuwa imeshaniita niongeze kifurushi.

Sasa sikia kitu kilichonishangaza. Nilipokaa na daftari baada ya mwezi nikapitia maneno mekundu, nilitegemea nitakuta misamiati migumu, maneno ya madaktari na wanasheria huko. Wapi! Yalikuwa of, to, have, him, can, at, and, maneno ya kidato cha kwanza, mengine ya darasa la nne. Nayajua yote ila sikuwa nimeyasikia hata moja, kwa sababu Kiingereza maneno madogo wanayameza. Tell him inatoka "telimu", ile h hakuna. Should have inakuwa "shuda". An apple, mie nikawa nasikia "anapo", nasubiri anapo nini? What are you doing inakuja "wacha duing", mara ya kwanza nikadhani dada wa watu kajua Kiswahili anamkataza mtu. Na kuna ile irabu yao moja ya kivivu, kama mguno wa mtu aliyeamshwa kabla ya muda, haina herufi yake lakini ndo irabu inayotokea kuliko zote kwenye maongezi yao, utaikuta kwenye about, kwenye teacher, kwenye of. Sisi irabu tano na kila moja inaheshimiwa, tunasema tulivyoandika. Wao wana herufi hizo hizo tano lakini sauti za irabu zinafika kama 20. Mtu anayejifunza kwa kusoma atazijuaje?

Na tusiseme wazungu ndo wa ajabu, sisi wenyewe tunameza vibaya mno. Mgeni kafundishwa darasani "nitakuja sasa hivi", anashuka stendi ya Nyegezi anasikia "ntakuja saivi". Kafundishwa "nimekwisha kula", anasikia "nishakula". Nilikuwa na mgeni Mjapani hapo loji kasoma Kiswahili chuoni kwao, kinaandikwa vizuri kuliko changu, siku ya kwanza anatoka kwenda mjini akarudi na uso umeshuka, ananiambia dada hawa watu wanaongea lugha gani. Nikamwelewa moyoni kabisa.

Kuna mahali tuna bahati na hatujui. Ile th ya think inayowatesa watu wa mataifa mengine sisi tunayo, ni th ya thelathini, na ile ya this ni dh ya dhahabu inayochimbwa hapo Geita. Tatizo ni kwamba huku kwetu tunasema selasini na zahabu, kwahiyo tunakwenda kuhangaika na video ya kufundisha ulimi uweke wapi, kumbe ni kusema Kiswahili vizuri tu. Nilimwambia mwanangu wa darasa la tano akacheka sana, saivi kila akipita anasema dhahabu mpaka mate yanaruka.

Sasa niseme la wauza kozi. Baada ya kisa cha sato nikiwa na uchungu nikakutana na tangazo la jamaa mmoja, Kiingereza fasaha siku 30, video 60, shilingi elfu ishirini na tano, unatuma kwa simu anakuingiza kwenye kundi. Nikatuma. Zikaja video, nikaanza kuziangalia nikaona mbona huyu mwalimu namjua, ni zile zile za bure zilizopo YouTube, kafuta jina kaweka namba yake ya simu juu. Nilipouliza kwenye kundi akanitoa. Simtaji na sina haja ya kumtaja, wapo wengi, ila mlipoandika kwamba video ni za bure mngeongeza hata mstari mmoja kwamba kuna watu wanaziuza, ingesaidia.

Kingine makala ilisema "sikiliza wenye lugha yao". Sawa, lakini wenye lugha yao hawapigi simu Kirumba kila siku. Wanaopiga ni Mganda anayefuata dagaa, Mkenya wa Kisumu, Mhindi wa mashine, Mchina, na kila mmoja ana Kiingereza chake. Hili ziwa tunakula nchi tatu na wawili kati yetu wanaongea Kiingereza cha Afrika Mashariki ambacho sijaona video ya kozi inayokifundisha. Mimi nikaanza kusikiliza taarifa za habari za Kampala na Nairobi kwa ile ile njia ya daftari, na nakuhakikishia zilinisaidia kazini haraka kuliko wale wa London, maana Mganda hamezi sana kama Mwingereza, ila ana mwendo wake na ukiuzoea humsumbui tena kurudia.

Shule sasa. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, Kiswahili, kidato cha kwanza tukaingia kila kitu Kiingereza. Kila kitu ubaoni namaanisha. Mwalimu anaandika notisi Kiingereza, anatueleza Kiswahili, tunanakili, tunakariri. Simlaumu, na yeye alifundishwa hivo hivo na angeongea Kiingereza kitupu tungemwangalia kama tunamuangalia mchungaji ananena kwa lugha. Lakini miaka minne sikumbuki siku hata moja tumesikilizishwa Kiingereza dakika mbili mfululizo tukaulizwa huyu kasema nini, na mtihani wangu wa mwisho wa Kiingereza ulikuwa karatasi na kalamu tu, hakuna aliyepima sikio. Mdogo wangu alipata alama ya juu kabisa Kiingereza kidato cha nne, tulichinja kuku. Akaja kufanya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, atafute nafasi ya kusoma nje, sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, kama nusu saa hivi, na sauti inapigwa mara moja tu hairudiwi. Hapo ndo alipopata alama ya chini kuliko sehemu zote. Kaka wa watu alikuwa anaandika jibu la swali la tano sauti iko la tisa.

Na kusikilizisha watoto sio gharama ya kusubiri bajeti. Kuna mwalimu mmoja ni mteja wetu wa chai, anafundisha sekondari ya kata huko njia ya Kishiri, kanunua spika ndogo ya kuchaji na flashi, kila kipindi anapiga dakika mbili, watoto wanaandika, wanabadilishana madaftari wanasahihishana. Darasa la watoto wengi, wa nyuma hawasikii vizuri, kwahiyo anawazungusha, wa nyuma leo kesho wanakaa mbele. Anasema wiki za kwanza walikuwa wanacheka tu ile sauti. Saivi spika ikizima chaji wananuna.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Pale kwenye ukurasa wa vijana mnapoweka "maneno 20 mapya ya Kiingereza" kila wiki, nafasi ile ile mngeweka maandishi ya sauti fupi ambayo mtu anaweza kuipata kwenye simu, tena mngeyachapa kichwa chini kama majibu ya chemshabongo ili mtu asikilize kwanza kabla ya kugeuza gazeti. Maneno mapya sio shida yetu, shida yetu ni yale ya zamani.

Mwisho, nina daftari la tatu saivi na vistari vimepungua ila kuna kimoja kimenishinda. Ni mzee wa Scotland anaongea kuhusu uvuvi, ile sauti haina maandishi popote, na katikati kuna sekunde nne anasema kitu kuhusu mkewe na boti alafu wenzake wote wanaangua kicheko. Nimesikiliza mara 41, nimeshusha spidi mpaka mzee anasikika kama ng'ombe, wapi. Mganda mmoja kajaribu, na mwalimu wa spika kajaribu, mpaka Mjapani. Kama kuna msomaji wenu anayewaweza watu wa Scotland apite mapokezi jioni yoyote, aulizie Thati, chai nitamnunulia mimi.

Mhudumu wa mapokezi,
Kirumba, Mwanza